Umetoka Ngome Kongwe unataka gitaa la umeme: fuata hatua hizi kabla hujavunja kibubu

Kila Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, likishamalizika, simu yangu haipoi. Jukwaa halijamaliza kufunguliwa, vijana wa Fuoni, wa Mwanakwerekwe mpaka wa Chake Chake wameshaanza kunitumia picha. Picha ni ileile: gitaa jekundu linalong'aa kama pipi, na swali chini yake. "Kaka, hili nalipataje?" Mmoja alinitumia Gibson Les Paul akaniuliza kama laki tatu zingetosha. Nilimjibu kwamba laki tatu pengine zinatosha mkoba wake.

Sikumcheka sana. Na mimi miaka ya nyuma nilitoka ngomeni hivyo hivyo, usingizi hauji, nikaingia hasara ambayo nitakuhadithia huko chini. Kutamani hakuna ubaya. Ubaya ni kununua masikio bado yanavuma.

Maelezo haya ni ya anayeanza: hujawahi kumiliki gitaa la umeme, unaishi Unguja au Pemba, na pesa yako ni ya jasho. Kama ulichokitamani wewe ni kinanda, au kamera ya yule mpiga picha aliyekuwa akikuziba pale mbele, hatua ya 3 mpaka ya 5 zitakufaa vilevile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho, cha Mzanzibari au cha NIDA.
- Vizibo vya masikio vya sponji. Vinauzwa maduka ya dawa na maduka ya vifaa vya ujenzi.
- Kijidaftari na kalamu. Simu itaisha chaji kabla bendi ya mwisho haijapanda.
- Kibubu, au akaunti ya simu ambayo huitumii kwa matumizi ya kila siku.
- Siku 40. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Panga safari mapema

Sauti za Busara ilianza 2004 na hufanyika Februari, jukwaa kuu likiwa ndani ya Ngome Kongwe. Ukitoka Forodhani unavuka barabara tu. Si tamasha la roki tupu. Utasikia taarab, singeli, ngoma za bara na mambo usiyoyajua jina. Lakini wanamuziki wanapiga laivu, hakuna kutikisa mdomo juu ya muziki uliorekodiwa, na kwa mtu anayetaka kujifunza hapo ndipo penye faida. Kila sauti unayoisikia ina mkono unaoitoa, na mkono huo unauona.

Usikate tiketi ya boti kwa mazoea. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, na wako waliokuwa wameshaomba ruhusa kazini. Hakikisha tarehe kwanza. Halafu tazama kalenda ya Kiislamu: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii inapita karibu na Februari.

Bei ya Watanzania huwa chini kuliko ya wageni kutoka nje, ndiyo maana nikasema kitambulisho. Anayetoka Pemba aangalie ratiba ya meli mapema, na asingoje siku ya mwisho kutafuta pa kulala. Kila mwenye shangazi Mjini ampigie simu mwezi mmoja kabla, maana shangazi huyo ana wapwa wengine. Mavazi ni ya heshima. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wenye wazee na watoto. Na kula kabla ya kuingia. Urojo wa mtaani kwenu utakushibisha kwa bei ambayo Forodhani wiki ile utapata mishkaki miwili.

Hatua ya 2: Ziba masikio

Wengi hawaamini hili mpaka wachelewe. Wataalamu wa usalama kazini wanakadiria kwamba sikio linastahimili sauti ya desibeli 85 kwa saa 8. Ikipanda kwa desibeli 3 tu, muda unapungua kwa nusu. Ikifika 100, zimebaki dakika 15. Ukisimama mbele ya spika kubwa za ngomeni usishangae kufika hapo, na wewe utasimama pale kuanzia saa mbili za usiku mpaka saa saba.

Kisokote kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu kidogo kwa mkono wa pili, kitie ndani, kishikilie mpaka kivimbe. Muziki utausikia bado, ila makelele yamepungua. Pamba haisaidii.

*Onyo:* ukiamka asubuhi masikio yanalia "nziii", hayo yameumia. Yapumzishe siku mbili tatu, usitie hedifoni.

Hatua ya 3: Tazama kwa macho ya fundi

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo nitakaa.

Usisukumane mbele. Nenda usimame karibu na meza ya sauti, pale kati ya uwanja alipo fundi mitambo na vifungo vyake mia. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake pale alipo, basi anayesimama jirani yake ndiye anayesikia vizuri kuliko mwenye tiketi ya bei mbaya aliyebanwa kwenye spika.

Bendi yenye gitaa ikipanda, fungua kijidaftari uandike mambo manne.

Kwanza, gitaa lenyewe: umbo lake, na kama lina ule mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti.

Pili, waya unakwenda wapi. Ufuatilie kwa macho. Mara nyingi hauendi moja kwa moja kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti ya gitaa. Unapita kwanza chini miguuni, kwenye vijisanduku vya rangi vilivyofungwa juu ya ubao. Hizo ndizo pedali. Akikanyaga moja sauti inakuwa ya msumeno, akikanyaga nyingine inaanza kujirudia kama mtu anayeita pangoni.

Tatu, amplifaya. Utaona mbele yake maikrofoni, imekaribia kitambaa cha spika kiasi cha vidole viwili. Sauti inayokufikia imepita humo, ikaenda kwenye meza, ikarekebishwa na fundi, ikatoka kwenye maspika makubwa ya tamasha.

Nne, mkono wa kulia. Huu wanausahau wote. Tazama ubavu wa kiganja unavyolala juu ya nyuzi karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikizwa mwilini mwa gitaa, ukizikaba kidogo, halafu unazifungulia ghafla. Ile "chug-chug" iliyokusimamisha nywele ni kiganja hicho. Dukani hakiuzwi.

Ukirudi nyumbani hesabu. Katika sauti uliyoitamani, gitaa lilikuwa na sehemu gani? Kwa makadirio yangu ya mtaani, si zaidi ya robo. Mwenye kununua gitaa la milioni 6 akalichomeka kwenye redio ya sabufa atapata sauti ya sabufa.

*Onyo:* usiguse kifaa cha msanii, hata kama kimewekwa sakafuni na wewe unatazama tu. Ngoja amalize, mwamkie, muulize. Wengi watakuonyesha wenyewe, na wengine watakuchosha kwa maelezo.

Hatua ya 4: Ipe tamaa arobaini yake

Sasa usinunue kitu. Andika kwenye ukurasa mmoja unachokitaka, tia tarehe, funga daftari. Siku 40 zikipita fungua. Kwa uzoefu wangu, nusu ya wanaoniandikia Februari wanakuwa wameshahamia kwenye tamaa nyingine kabla ya mvua za masika kukolea. Waliobaki ndio wapigaji.

Siku hizo 40 si za kukaa bure. Azima gitaa la kawaida la mbao. Mtaani hapakosi moja lililolala juu ya kabati na uzi mmoja umekatika. Jifunze koodi tatu: G, C na D. Kama uko Mjini na una nafasi, chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha tangu 2002, vyombo vya taarab na vya kizungu. Ukimkuta mpiga udi, msikilize pia. Mtu anayejua kuutuliza udi kwa sikio, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa, anaweza kukufundisha kusikia mambo ambayo programu ya simu haikufundishi.

Na kwa wanaodhani bila gitaa la jina kubwa hakuna roki, niwakumbushe habari za jirani yetu. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja 5 Septemba 1946, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, na watalii wanapanga foleni kwenye makumbusho yake pale Shangani. Miaka yake yote na bendi ya Queen aliimba pembeni ya gitaa ambalo halikutoka dukani. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alianza kulitengeneza 1963, akiwa kijana wa skuli, yeye na baba yake, kwa sababu alilolitamani lilikuwa ghali kupita uwezo wao. Shingo waliichonga kutoka kwenye ubao wa meko ya zamani, springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, na zile alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya chaza vya mama yake. Hilo ndilo lililosikika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid, 13 Julai 1985. Sikwambii ukang'oe mlango wa bibi uchonge gitaa. Nakwambia aliyetamani kabla yako alianza na alichonacho.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya vyote, si ya gitaa peke yake

Hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu: pesa yote inakwenda kwenye gitaa, halafu linakaa chumbani limenyamaza kwa miezi mitatu kwa sababu hakuna pa kulichomeka.

Gawa hivi. Katika kila shilingi 10 ulizonazo, 5 au 6 ziende kwenye gitaa, 2 au 3 kwenye amplifaya, zilizobaki kwenye vitu hivi:

- Waya wa jeki wa mita 3. Chukua wenye kichwa kinachofunguka kwa mkono, ili ukikatika ndani ulehemiwe.
- Seti mbili za nyuzi. Anayeanza atafute "nyuzi 9", yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009. Ni laini vidoleni.
- Mkanda na mkoba.
- Vijiplastiki vya kupigia. Nunua sita, utapoteza vitano.

Cha kutulizia nyuzi usinunue. Iko programu ya bure ya simu kama GuitarTuna.

Amplifaya ya wati 10 mpaka 15 inatosha chumba na inazidi. Kama nyumba ni ya watu wengi, kuna kidude kidogo kama kibiriti kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe, upande wa pili unatia hedifoni. Mama hatajua kama unapiga roki au unasikiliza mawaidha.

Hatua ya 6: Chagua gitaa

Les Paul Standard mpya inapita dola 2,000. Hizo ni bodaboda mbili, labda ya pili haina kofia. Iache kwanza. Kampuni hizo hizo zina majina madogo yaliyo chini yao: Fender ina Squier, Gibson ina Epiphone. Yamaha wana Pacifica, na mimi ukiniuliza nikiwa na haraka nitakujibu Pacifica. Za kuanzia, zikiwa mpya huko nje, zinazunguka dola 200 mpaka 300.

Chini ya hapo sana jihadhari. Waliosema rahisi huvunja upishi hawakukosea: gitaa la kutupa lina freti, vile vipau vya chuma vya shingoni, zinazokata vidole, na funguo za kukazia nyuzi zisizoshika, na wewe utadhani huna kipaji.

Chukua lenye daraja lisilosogea. Yale yenye daraja linaloelea, linalovutwa na springi upande mmoja na nyuzi upande wa pili, ni matamu kwa anayejua, lakini uzi mmoja ukikatika nyuzi nyingine zote tano zinapoteza sauti. Kisiwani, ambako seti ya nyuzi si kila duka, hiyo ni adhabu.

*Onyo la magitaa bandia:* ukiona "Gibson" kwa laki tano, tazama kichwa chake kwa mbele, kile kifuniko kidogo kilicho juu kidogo ya pale nyuzi zinapoingia shingoni. Gibson halisi kifuniko hicho kina skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. Si kipimo cha mwisho, lakini kimeshaniokoa mara mbili.

Hatua ya 7: Amua litatoka wapi, na uliza umeme wake

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mwanamuziki wa hapa anayeuza lake. Hii ndiyo bora, maana unalijaribu kabla ya kulipa. Ya pili ni Dar es Salaam, maduka ya Kariakoo. Panda boti mwenyewe, usiagize kwa picha. Ya tatu ndiyo yetu Wazanzibari: ndugu anayekuja likizo.

Kwa njia ya tatu shika jambo moja. Gitaa lenyewe halina shida, halichomekwi ukutani; litoke London, litoke Toronto, ni sawa. Shida ni amplifaya. Umeme wetu ni volti 230. Ndugu wa Maskati, Dubai au Uingereza anatumia umeme wa kiwango hicho hicho, na hata plagi ni ileile ya pini tatu nene. Basi yeye mwambie alete vyote. Ndugu wa Marekani au Kanada anatumia volti 120. Yeye mwambie alete gitaa tu, amplifaya utaitafuta huku.

Mimi sikuambiwa. Nilinunua amplifaya nzuri, nyeusi, kona zake za chuma, kutoka kwa mtu aliyerudi kutoka Marekani. Plagi ilikuwa ya vibapa viwili, nikatia adapta ya buku mbili ya dukani nikaona nimemaliza. Nilipowasha, taa nyekundu iliwaka kwa nguvu ambayo hata mimi ilinifurahisha. Ikapita kama pumzi tatu. Halafu "puu", moshi mwembamba ukatoka nyuma, na chumba kikanuka kama nywele zilizoungua na samaki. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, haibadilishi umeme. Ilitakiwa transfoma ya kushusha volti, na transfoma inayofaa ni nzito kama tofali na ina bei yake. Geuza amplifaya, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 230V, au 220–240V, chukua. Kikisema 120V peke yake, shukuru uondoke.

Anayesafiri nalo alegeze nyuzi kidogo, alitie kwenye mkoba mgumu, na abaki na risiti. Bandarini na uwanja wa ndege wataiuliza, na kubishana bila risiti kunakula mchana mzima.

Hatua ya 8: Likague kabla hujatoa pesa

Usiende peke yako kama unaweza. Lakini hata peke yako, fanya haya kwa utaratibu huu, na muuzaji akikuharakisha mwache na gitaa lake.

a) Lishike kama bunduki, tazama kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea mwilini. Shingo iliyopinda kama parafujo usinunue kwa bei yoyote.

b) Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, wa karatasi nene. Upenyo wa kupita sarafu unahitaji fundi.

c) Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo, juu mpaka chini. Kikikwaruzwa, ncha za freti zimetoka nje.

d) Piga kila uzi kwenye kila freti. Inachosha, ifanye. Freti moja yenye kukoroma au kufa sauti utaijua hapa, si nyumbani.

e) Fungua programu ya simu. Tuliza uzi ukiwa wazi, halafu ubane kwenye freti ya 12 uupige tena. Simu ionyeshe herufi ileile. Ikipotoka sana, daraja linahitaji kurekebishwa. Si ugonjwa mkubwa, lakini ni sababu ya kuomba punguzo.

f) Lichomeke. Zungusha vifungo vyote. Mkwaruzo mdogo ni vumbi. Sauti inayokatika ukitikisa waya ni jeki iliyolegea.

Hatua ya 9: Lilinde na hewa yetu

Gitaa limetengenezwa liishi kwenye unyevu wa wastani, asilimia 45 mpaka 55. Kwetu hatuna hiyo habari. Februari ni kaskazi, jua na chumvi. Ukigeuka masika imeingia na kuta zinatoa jasho.

Kila ukimaliza kupiga, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake. Kanga kuukuu haina mpinzani. Lilaze kwenye mkoba wake, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie humo. Usiliegemeze kwenye ukuta wa mawe wa nyumba za Mji Mkongwe, kuta zile zinavuta maji. Na usiliache ndani ya gari juani hata kwa nusu saa.

Amplifaya ichomeke kupitia kile kifaa cha kulinda umeme wanachowekea friji.

*Onyo:* usikate pini ya tatu, wala usichomeke plagi ya pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu. Sote tumefanya hivyo kwa chaja ya simu. Kwenye amplifaya, pini ile ndiyo inayokukinga wewe uliyeshika nyuzi za chuma.

Mambo yakienda kombo

*Kimya kabisa.* Kifungo cha sauti kwenye gitaa, kwanza hicho. Utacheka, lakini ndicho mara nyingi. Kisha badilisha waya. Kisha kaza nati ya jeki. Ikiwa waya wa ndani umeachia, fundi simu yeyote mwenye kifaa cha kulehemu ataurudisha kwa dakika tano.

*Linavuma, na ukigusa nyuzi mvumo unapungua.* Kwa magitaa mengi hiyo ni kawaida. Sogea mbali na chaja, tyubu laiti na ruta. Lakini ukisikia kijumeme kinakuchoma vidoleni, zima hapo hapo, uite fundi umeme aangalie ethi ya nyumba.

*Halikai kwenye sauti.* Nyuzi mpya huvutika siku mbili za mwanzo. Zivute taratibu kwa mkono, tuliza tena, rudia mara tatu. Zikiendelea, sugua ncha ya penseli kwenye vijifereji pale nyuzi zinapopita juu ya shingo.

*Lilikuwa zuri, masika limeanza kukoroma.* Shingo imecheza kwa unyevu. Ndani yake kuna chuma kinachorekebishwa kwa ufunguo mdogo. Robo mzunguko tu, halafu ngoja mpaka kesho yake. Kama hujawahi, usianze na lako.

*Vidole vinauma.* Wiki tatu. Piga dakika 20 kwa siku, usipige saa mbili Jumapili.

*Jirani anagonga ukuta.* Hedifoni. Na ukisikia adhana, zima usingoje kuambiwa. Wazee watakuvumilia kwa mengine yote ukilichunga hilo.

*Umeme umekatika na hamu haijakatika.* Zima swichi ya amplifaya kwanza, maana umeme ukirudi unarudi kwa kishindo. Kisha kaa karibu na kabati la mbao, egemeza ncha ya kichwa cha gitaa kwenye mlango wake, ukibonyeza kidogo tu, upige. Kabati litaitika. La mvule linaitika vizuri kuliko la plaiwudi.